Fungu la Kidari

Chekereni,
22 Januari 2023

Baba, shikamoo.

Huku tu wazima. Jackson na mtoto wanakusalimu, mpunga umeshapandikizwa, na mbu ndio wenye mji. Sijui mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko Kibosho. Mdogo wangu Denis akishuka na ndizi zake nitamuuliza yeye, maana wewe hujawahi kuumwa katika maisha yako.

Ulisema simu yangu hutaipokea tena. Barua hukuikataza, kwa hiyo nitampa Denis hii aipandishe.

Naandika kuhusu Krismasi. Ulinikatia kidari mbele ya baba wadogo na shangazi, nikatafuna vipande viwili, kisha nikakirudisha kwenye sinia. Najua fungu lile lilikuwa la Mama, na kwamba alipofariki mliamua liwe langu kwa kuwa mimi ndiye binti mkubwa. Sikulirudisha kwa dharau. Taya lilichoka. Nilikuwa nimeshika kidevu kwa mkono ili mdomo usibaki wazi. Najua si sababu inayoeleweka, hata mimi siielewi, lakini ndiyo niliyonayo.

Siku ile ulisema mguu wangu usikanyage tena kihamba chako, nyumba na migomba yote. Naomba kuja nyumbani.

Binti yako,
Violet


Kibosho,
9 Februari 2023

Violet,

Marahaba. Mgongo upo. Msalimu Jackson, yeye sina ugomvi naye.

Taya lilichoka! Nilidhani Denis amenichanganyia barua. Mwalimu mzima, unayepiga kelele darasani kutwa, taya lichoke kwa vipande viwili vya ndafu? Mbuzi niliyemhasi na kumkatia majani kwa mkono wangu mwaka mzima? Mama yako alikula kidari hicho hadi mwaka wake wa mwisho, na meno ya nyuma alikuwa hana.

Halafu nilipokuwa naongea mbele ya ukoo ulinitazama kwa macho ya kusinzia. Na uliponipigia simu jioni ile kuomba radhi, ulimi ulikuwa mzito, maneno yanatokea puani. Nimekunywa mbege tangu hujazaliwa, mlevi namjua hata kwa simu. Ndiyo maana nilikata.

Ukitaka kuja, njia ni ile ile ya watu wote. Shika jani la sale, tafuta mzee mmoja akutangulie, uje asubuhi ukiwa hujanywa, uombe msamaha. Bila hivyo tulia huko na mbu wako.

Nimeumia, Violet. Si kwa ajili ya nyama.

Baba yako


Moshi Mjini,
30 Mei 2023

Baba, shikamoo.

Natumaini mvua hizi hazijaiangusha migomba ya kule bondeni. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na la kujibu. Sasa ninalo.

Mwezi Machi nilikuwa naandika ubaoni, mkono ukashuka wenyewe. Nikaupandisha, ukashuka tena. Watoto walicheka wakidhani nawachezea. Jackson akanileta hospitali hapa mjini, na baada ya vipimo vingi daktari mmoja, anaitwa Raya, akanichorea kwenye karatasi. Nakuandikia alivyonieleza.

Nyuma ya mfupa wa kifua, juu kidogo ya moyo, kuna tezi inaitwa thaimasi. Askari wa mwili wanaozaliwa ndani ya mifupa hupelekwa pale kufundwa. Anayeonekana ataushambulia mwili wenyewe huondolewa kabla hajatoka, kama mnavyoosha kahawa kwenye pipa na kuziengua zinazoelea. Kwangu mimi uchambuzi huo umeharibika. Wameponyoka askari wabaya, na sasa kinga yangu inaziba pale mshipa wa fahamu unapouamuru msuli. Ndiyo maana asubuhi ninazo nguvu, na kadiri ninavyozitumia ndivyo zinavyokwisha. Huanza kope, kisha taya, kisha ulimi. Simu ile nilikupigia jioni, Baba. Sikuwa nimekunywa.

Jingine ni kwamba nina mimba ya miezi mitatu. Daktari anasema homoni za mimba huisinyaza tezi hiyo, ili mwili usimpige vita mtoto kama mgeni. Wanawake wengine wenye ugonjwa huu huzidiwa wakiwa na mimba, wengine hupata nafuu, na anadhani ndiyo sababu siku hizi mimi nina nafuu. Nikijifungua homoni zitashuka ghafla, na hapo ndipo wanapopaogopa. Tezi wataitoa baadaye, nikishapata nguvu.

Sale sitaleta. Sale ni la aliyekosa, na mimi nilikuwa naumwa.

Binti yako,
Violet


Kibosho,
2 Julai 2023

Violet,

Marahaba. Hongera kwa mimba. Kula vizuri na usibebe ndoo.

Barua yako niliikunja, nikaifungua, nikaikunja tena. Nikasema, kwenye karatasi kila mtu anaweza kuchora anachotaka, mimi nitatazama mwenyewe. Jumamosi jirani yetu Ndelilio alikuwa na komunio ya mwanawe, akaniita nichinje. Beberu mkubwa, harufu yake inafika barabarani. Nilipasua kidari taratibu mpaka watu wakauliza kama kisu ni butu. Nikatafuta pale pale ulipoandika, nyuma ya mfupa, juu ya moyo. Nimekuta mapafu, mishipa na mafuta. Tezi hakuna. Nimechinja tangu ujana wangu na sijawahi kukutana nayo, na sidhani Mungu aliwatofautisha sana mtu na mbuzi huko ndani.

Kwa hiyo ama huyo daktari amekudanganya, ama mmekubaliana wawili kunidanganya mimi. Ugonjwa unaolala asubuhi na kuamka jioni naujua, unauzwa kilabuni.

Sale bado nalingoja.

Baba yako


Chekereni,
16 Julai 2023

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo, na tumbo linakua. Natumaini nyama ya komunio ilitosha watu.

Ulitafuta mahali penyewe kwa mbuzi asiyefaa. Tezi hii ni kubwa kwa mtoto, awe wa mtu au wa mbuzi. Anapobalehe, homoni za uzazi zinaanza kuisinyaza, na kidogo kidogo inageuka mafuta. Beberu wa Ndelilio alikuwa amejaa homoni hizo, na harufu yake ndiyo ushahidi. Yale mafuta uliyoyakuta ndiyo yaliyokuwa tezi. Lakini ndafu umemhasi angali mdogo, homoni hizo hana za kutosha, kwa hiyo kwake tezi hudumu zaidi. Mtazame ndafu wako Desemba. Mimi kwa umri wangu yangu ilipaswa iwe imenywea, ila kwenye picha ya kifua niliyopigwa hospitali bado imenenepa.

Daktari Raya anasema hata mashaka ya muda mrefu yana homoni yake, nayo huinyausha tezi hiyo hiyo. Kwa mashaka uliyonipa mwaka huu, Baba, yangu ingekuwa imekwisha kabisa.

Hayo ni ya daktari. Langu ni hili. Ulipata barua kwamba binti yako anaumwa, ukapasua mbuzi ili uone kama ni mwongo. Ungeweza kushuka na Denis ukakaa nami jioni moja. Kope zangu zingekuonyesha yote bila kisu. Limeniuma kuliko ile siku uliyonifukuza, kwa sababu siku ile ulikuwa hujui.

Sitaandika tena mpaka nijifungue. Nisipopona, kidari mtajua wenyewe kiende kwa nani.

Binti yako,
Violet


Kibosho,
26 Desemba 2023

Violet mwanangu,

Huwezi kuniamkia ukiwa umelala hospitalini, kwa hiyo leo naanza mimi. Pole. Pole sana.

Denis ameniambia ulijifungua salama mwezi uliopita, kisha nguvu zikakuishia kama daktari alivyohofia, mpaka ukawekewa mashine ya kupumulia. Nilitaka kushuka siku ile ile. Akasema hawaruhusu watu kuingia. Nimekuwa nazunguka kwenye migomba nikikata majani makavu hata yasiyo makavu.

Tezi nimeiona.

Jana tulichinja ndafu. Nilimwambia baba yako mdogo Martin ashike mbavu, nikapasua. Ipo. Ina weupe wa kuelekea wekundu, laini, imelalia moyo kwa juu. Miaka yote nilikuwa naikata pamoja na mafuta na kuwatupia mbwa. Nilisimama nayo mkononi mpaka watu wakaacha kuchoma nyama, wakaja kuuliza kuna nini. Nikawaambia wote kwamba Violet hakudharau fungu la mama yake. Violet alikuwa anaumwa, na mimi nikamwita mlevi mbele yenu. Shangazi yako alilia, nami nikajifanya moshi umeniingia machoni.

Kidari sikumpa mtu. Nilikichemsha mpaka nyama ikaachia mfupa, nikakiponda pamoja na ndizi, kikawa mtori. Nimeupika mwenyewe, ndiyo maana una madonge. Kwetu fungu hutolewa na mfupa wake, halijawahi kutolewa limepondwa, na ambaye hakupenda anajua pa kunikuta. Denis anakuletea kwenye chupa ya chai ya mama yako. Wakikuruhusu, kunywa hata kijiko kimoja.

Mzazi hampelekei mtoto sale. Ingekuwa inaruhusiwa ningelishika mimi, nikaja nalo mpaka kitandani kwako. Nilikosa, Violet. Nisamehe.

Baba yako


Kibosho,
21 Januari 2024

Violet,

Chupa ya mama yako haijarudi. Denis anasema alimwachia Jackson mlangoni mwa wodi, na kila nikimuuliza zaidi anaanza kunieleza bei ya ndizi.

Chai nakunywa bila chupa, haina shida. Ninachouliza si chupa.

Baba yako


Moshi Mjini,
8 Februari 2024

Baba, shikamoo.

Chupa hii hapa. Nimeijaza mchele wa Chekereni kwa sababu Mama asingekubali irudi tupu. Usiutie maji mengi kama kawaida yako.

Mtori ulipofika nilikuwa nalishwa kwa mpira wa puani. Jackson aliunywa wote kwenye benchi la nje, akaja kunieleza ladha yake. Alisema chumvi imezidi. Nilisikia kila neno, ila kope hazikufunguka. Alinisomea na barua yako, akairudia mara ya pili bila mimi kumwomba, maana nilikuwa siwezi kumwomba. Nililia. Nilikusamehe hapo hapo, mkono tu ndio haukuweza kuandika. Hata hii naiandika kidogo kidogo kila asubuhi, na kalamu nikiiweka chini nakuwa nimekwisha.

Mtoto ni wa kike. Tumempa jina la Mama, Bernadetha, na mama mkwe hakugomba kwa kuwa wa kwanza alichukua jina lake. Wiki za mwanzo alilia kwa sauti ndogo na kunyonya kwa taabu, kwa sababu ugonjwa wangu ulimgusa tumboni. Kwake umekwisha wenyewe. Sasa akilia wodi nzima inajua.

Jumatatu wananitoa tezi. Watapasua mfupa wa kifua, kazi unayoijua. Naogopa, Baba. Daktari Raya anasema hata mambo yakienda vizuri nguvu hazirudi siku hiyo, zitachukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Lakini Krismasi nikatie fungu langu kama zamani, na mfupa wake. Nikishindwa kulitafuna nitakaa nalo mkononi mbele ya wote, na safari hii silirudishi.

Jumapili, ukitoka misa ya kwanza, nitakupigia simu, sauti ikiwa bado ina nguvu. Maneno yakianza kutokea puani, usikate.

Binti yako,
Violet