Taa ndani ya sanduku la Gakiza

Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
Jumapili, 3 Agosti 2025

Mpendwa Shemeji Evariste,

Nakusalimu, na kabla yako namsalimu Mama, ingawa barua nimeiandika kwa jina lako kwa sababu ni wewe utakayemsomea. Habari za huko kambini Nyarugusu? Mguu wa Mama unaendeleaje? Bado anatoka asubuhi kukaa mlangoni na kuota jua, au maumivu yamemrudisha ndani? Mpe pole yangu, na umsomee polepole, maana nimeandika kama ninavyoongea.

Sisi tuko wazima. Akeza amerefuka, sketi yake ya shule nimeshateremsha pindo lote na bado magoti yanaonekana. Baridi ya mwaka huu ni kali. Asubuhi ukungu unashuka kutoka upande wa vilima, unapita katikati ya nyumba taratibu kama mgeni anayetafuta mlango alioelekezwa, halafu jua likitoka hauuoni tena. Saa hizo huwa nimekaa kwenye cherehani. Mara nyingine nasikia kama ndugu yako Gakiza yuko nyuma ya nyumba, anapasua kuni. Siogopi. Naacha kukanyaga cherehani, nasikiliza kidogo, kisha naendelea kushona.

Shemeji, barua hii inakuja kwa sababu ya ile simu ya mwezi wa sita. Unakumbuka, ulimshikia Mama simu nikawa namwona vizuri kabisa, hata kile kitenge chake cha ndege wa manjano. Akaanza kunisimulia siku Gakiza alipokuwa mtoto, akatumwa mtoni kuteka maji, akarudi bila maji, lakini dumu limejaa. Mama akacheka, akasema, "Sasa nilipofungua lile dumu nikakuta..." Hapo picha ikaganda. Mama akabaki mkono juu na mdomo wazi, amezungukwa na nuru kama mtu aliye ndani ya kioo. Niliita, "Mama, Mama," mpaka simu ikawa nyeusi.

Nilipopata laini tena uliniambia Mama amelala. Mara iliyofuata pia alikuwa amelala. Wewe una huruma, Evariste, hutaki kumuumiza mtu, lakini maneno yalinifikia kwa njia nyingine. Mama anasema nilimkatia simu. Anasema mke wa Bukavu amechoka na hadithi za marehemu.

Mwambie sikukata. Hadithi ile nimebaki nayo nusu tangu siku hiyo, na nusu iliyobaki iko kwake.

Na unajua pia tarehe inayokuja. Jumamosi ya 13 Septemba tunaondoa msiba. Mzee Nsengimana, anayesimamia familia za Warundi sehemu yetu, ameshapanga kila kitu na kanisa. Lakini kwenu, mwenye kumfungua mjane ni mzazi wa marehemu, na Mama hawezi kusafiri. Tulikuwa tumekubaliana atasema neno lake kwa simu, mbele ya watu, tukimwona. Mama asipokuja kwenye simu, watu watakula, wataimba, nitavua nguo nyeusi, na bado nitakuwa sijafunguliwa. Ndiyo maana nakuandikia yote yalivyokuwa.

Ile mashine ya mtandao, ruta, Gakiza aliinunua Lilongwe. Alirudi nayo kwenye basi ameipakata, ameifunga ndani ya koti lake la kahawia, na yeye mwenyewe anatetemeka kwa baridi. Nilidhani amebeba kifaranga. Jioni ile alizunguka nayo nyumba nzima ameiinua kwa mikono miwili, waya unaburuzika nyuma yake, anatafuta mahali inapousikia vizuri mnara wa simu. Juu ya kabati, hapana. Karibu na jiko, hapana. Mwisho akaiweka dirishani, upande unaotazama barabara ya Dowa, akainama kuangalia taa zake, akasema, "Hapa. Hapa inasikia."

Kisha ukurasa ukafunguka kwenye simu yake, ukataka mtandao upewe jina. Mimi nilisema aweke jina la Akeza. Yeye akafikiri sana, akaandika jina la Mama.

"We, utaweka jina ya mama yako batu bote bamuone?" nilimuuliza.

"Njo bamuone," akasema. "Yeye hakufika hapa. Jina lifike."

Basi, Shemeji, tangu siku ile kila mtu wa huku akifungua simu yake anaona jina la Mama linaelea pale juu pamoja na majina ya mitandao mingine. Mimi silitaji, wala hapa siliandiki, najua kwenu mke halitaji jina la mkwe, na nimelishika hilo tangu mliponipokea. Majirani wanalijua hilo na wananichokoza. Umeme ukikatika mtu anaita kutoka nje, "Mama Akeza, mukwe wako amelala?" Ukirudi, "Ameamuka?" Gakiza alikuwa anacheka mpaka anashika ukuta.

Alipofariki, katika zile mvua za Januari, wanawake waliingia wakatoa viti na meza nje ili watu walale sebuleni kwa matanga. Vitu vyake vyote wakavikusanya kwenye sanduku lake la bati, lile la bluu, kwa sababu havitakiwi kuguswa mpaka siku ya kuondoa msiba. Koti, viatu, Biblia, redio, na ile mashine. Mmoja alitaka kuchomoa waya. Nilimshika mkono. Gakiza hakuwahi kuizima yeye, sikutaka izimwe siku ile. Sanduku lina kona moja iliyopinda, waya ukapita hapo, tukafunga kifuniko, nikatandika juu yake kitambaa nilichodarizi. Mashine ikaendelea kuwaka humo ndani. Kuna jioni nilipiga magoti nikachungulia kwenye ile kona, nikaona rangi ya kijani imelala juu ya mkono wa koti. Moyo wangu ulitulia, kama mtu aliyeacha taa kwa ajili ya mwenzake atakayechelewa.

Lakini mtandao ulianza kudhoofika. Picha zikawa zinaganda, sauti zinakuja vipande vipande, ukitoka mlangoni jina la Mama linapotea kabisa. Majirani wakawa wananiuliza kama mkwe wangu anaumwa. Mimi nililaumu mnara, nikalaumu umeme, nikalaumu mawingu. Halafu ikaja simu yenu, na hadithi ya dumu ikakatika.

Hapo nikamwendea Mzee Nsengimana kuomba ruhusa ya kuitoa mashine sandukuni, niipeleke kwa fundi. Alikuna kidevu, akasema mgonjwa akitolewa kwenda hospitali hajahama nyumba, mradi arudishwe kitandani pake. Nikaifunga ndani ya kanga, nikapanda basi nimeipakata, na njia nzima mashamba yaliyovunwa yalipita dirishani, kahawia tupu, rangi ya lile koti. Nilisinzia. Nilipoamka tulikuwa tumefika Lilongwe na mikono yangu bado imeishika.

Solange, binti wa mjomba wangu anayekaa mtaa wa Area 36, alinipeleka kwa fundi mmoja karibu na soko lao. Kijana mpole, ana kofia ya sufu. Aliichomeka, taa zote tatu zikawaka kijani, picha zikakimbia kama maji. Solange aliangalia harusi nzima ya watu asiowajua. Fundi alisema kwa Kichewa, Solange akanitafsiria, kwamba haoni ugonjwa wowote, ila kama nataka, ataingiza sindano kwenye kile kitundu cha nyuma na mashine itarudi kuwa kama ilivyotoka dukani. Mara nyingi hiyo inatibu.

"Na jina?" nikauliza.

Jina pia litafutika, akasema, lakini si kitu, amai, ndivyo wanavyomwita mama huku, utaliandika upya.

Nilimwambia Solange amweleze kwamba siwezi kuliandika. Ni jina la mkwe wangu. Lilihitaji mtoto wake, na mtoto wake hayupo. Fundi alinitazama, akairudisha sindano kwenye kofia yake. "Zikomo, amai," akanishukuru, kama vile ni mimi niliyemsaidia.

Nikarudi Dzaleka na mashine nzima. Nikairudisha kitandani pake kama nilivyoahidi, juu ya koti, nikafunga kifuniko, nikatandika kitambaa. Kabla chai haijachemka, mtandao ulikuwa umekufa tena. Nilikaa chini nikalia, Shemeji, si kwa sababu ya mtandao.

Jirani yetu Stéphanie ndiye aliyenikuta hivyo. Ni wa Bukavu kama mimi, tunaimba pamoja kanisani, na dukani kwake anachajia watu simu. Aliketi, akaniacha nilie, kisha akauliza, "Sasa iko wapi hiyo mashine yenyewe?"

"Iko mu malle," nikasema, maana ndivyo tunavyoliita sanduku kwetu.

"Mu nini?"

Nikaondoa kitambaa nikamwonyesha. Stéphanie alilitazama lile sanduku, akalipiga kwa vidole, likalia bati. Alifunika mdomo kwa kitenge. Niliona mabega yake yanatikisika.

"Mama Akeza," akasema alipoweza, "we umefungia rezo, mutandao nzima, mu bati, tena umeifunika na koti, kisha unalaumu mawingu ya Malawi? Bati hairuhusu ipite. Na ina joto humo. Hii kitu inataka kupumua. Mukwe wako anakosa pumzi."

Nilicheka huku machozi bado yako. Nilikuwa sijacheka hivyo tangu Januari. Lakini kucheka hakukunisaidia, kwa sababu mashine haiwezi kukaa nje ya sanduku kabla ya siku yake, na kabla ya siku yake ndipo nilipomhitaji Mama. Tukaenda tena kwa Mzee Nsengimana. Stéphanie alieleza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Nani alikuambia mutu mwenye anaongea, anafungiwa?"

"Ni desturi yenu, Mzee," nikasema.

"Desturi yetu inasema bintu bisitoke. Haikusema kifuniko." Akanywa uji wake. "Fungua. Kufungua si kutoa."

Basi ndivyo lilivyo sasa. Sanduku liko wazi pale chini ya dirisha, hakuna kilichotoka. Mashine imekaa juu ya koti lake, taa zote kijani. Nilipokifungua kile kifuniko, kabla ya mtandao ilitoka harufu yake kwanza, sabuni na moshi na yale mafuta aliyokuwa anapaka mikononi, ikajaa nyumbani polepole. Akeza aliingia kutoka shule akasimama katikati ya chumba. Baadaye simu ya Stéphanie ikalia, ya kwangu ikalia, ujumbe wa wiki nzima ukaingia kwa pamoja, na nje mtu akaita, "Eh, amepona!"

Nimejaribu na Solange wa Lilongwe. Tuliongea mpaka sufuria ikaungua, uso wake haukuganda hata mara moja. Ningekupigia wewe wakati ule ule. Nilishika simu, kisha nikaona kwamba Mama akiambiwa ghafla atasema tena amelala, na safari hii itakuwa kweli amenifungia. Ni bora asomewe kwanza. Mchungaji Irangabiye anasafiri kupitia Mbeya kuja huko kwenu, amekubali kuibeba barua.

Kwa hiyo nakuomba, Shemeji. Mwambie Mama sijachoka. Mwambie kuhusu jina lake, kwamba Gakiza aliliweka hapa, na watu wa mataifa mengi wanaliona kila siku, na siku nilipoambiwa lifutwe nilikataa. Nadhani Gakiza hakumwambia, alikuwa na aibu na mambo kama hayo.

Siku ya 13 tutakupigia saa nane mchana. Kwenu itakuwa saa tisa, maana saa zenu ziko mbele ya zetu, na huwa nafikiri kwamba jua likifika kwangu limeshamgusa Mama. Nitakaa karibu na sanduku. Neno la kunifungua alitoe Mama atakapopenda, lakini kabla ya hilo namwomba aanze pale alipofikia, alipofungua lile dumu. Akeza pia anataka kujua kulikuwa na nini ndani. Baada ya hapo, koti ni lako, wewe ndiye ndugu yake, na mashine tutairudisha dirishani alipoichagulia yeye. Ikitokea siku moja ikahitaji sindano, nitakungoja wewe uje uliandike jina.

Akeza anakusalimu na anamsalimu bibi yake. Mzee Nsengimana anawasalimu, na Stéphanie pia, anasema mumwombee shemeji yenu apate akili. Msalimu mkeo Kaneza na watoto wote. Mungu awatunze, aunyooshe mguu wa Mama, na awape chakula na usingizi mwema.

Ni mimi shemeji yako anayewapenda kama siku mliponipokea,

Ernestine, mama Akeza

Jioni mkiomba pamoja, mnikumbuke na mimi.