Napinga Pombe Kijijini, na Shemeji Anataka Kaluvu kwa Ntheo ya Binti Yangu

Mpendwa Shangazi Kanini,

Naomba unisaidie kabla ya Alhamisi, maana jambo hili limenizunguka kichwani hadi chapati zinaniungulia. Mimi ni mama mjane wa huku karibu na soko la Mbumbuni, na ndiye mwenyekiti wa muungano wetu wa kuwaokoa vijana na pombe na muguka, majani wanayotafuna kama miraa. Tuko watu wa kanisa, wenye maduka, watu wa bodaboda, na chifu akipata nafasi. Tulipoanza tuliweka sheria kwamba hakuna boma litapika pombe, lakini wazee wakagoma, wakasema ntheo, ile siku wakwe wanaleta mbuzi kuonyesha kwamba msichana sasa ni wao, haiwezi kwenda bila kaluvu, pombe yetu ya asali, basi mimi mwenyewe nikasema sawa, tuwaachie hiyo moja tu ili wajiunge nasi, na kweli wakajiunga wote, tukapiga makofi.

Shangazi, tangu siku hiyo kila Jumamosi kuna ntheo. Boma moja lilifanya ntheo ya msichana wa gredi ya sita, mbuzi walikuwa wa kuazima kwa jirani na jioni wakarudi kwao. Lingine lilifanya ya mama aliyeolewa zamani na ana watoto wanne, eti ile ya kwanza haikushika. Na wanaochuja na kumimina ni vijana, maana kwetu mzee hajimiminii, kwa hivyo sheria yetu imewasogeza watoto karibu na mtungi kuliko zamani. Juzi Gedion, mtoto wa shemeji yangu Ndululu, anayefaa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka huu, aliwamiminia wazee huku akijimiminia naye, akaanguka kwenye mtaro wa shamba akavunjika mguu, na mpaka leo yuko nyumbani na plasta.

Basi tulipokutana, Mohamedamin mwenye duka la jumla, ambaye aliacha kuuza muguka bila kulazimishwa na mtu, akasimama akasema, "Mama Mbithe, mimi nilifunga yangu yote, nyinyi mkaacha yenu wazi. Alhamisi msipofunga mimi natoka, na wenye maduka wote wanatoka na mimi." Kamati imegawanyika nusu kwa nusu, na kura yangu ndiyo itaamua.

Sasa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo ni ntheo ya kweli, ya binti yangu Mbithe. Mume wangu alifariki, kwa hivyo anayesimama kama baba ni Ndululu, kaka yake mkubwa, na ameshanunua asali na miatine, yale matunda makavu ya kuchachusha. Nilipomwambia huenda sheria ikabadilika, alinitazama akasema, "Mama Mbithe, mbuzi bila kaluvu hiyo ni biashara ya soko. Mimi siwezi bariki mtoto na soda, soda ni ya Sande skuli. Ukinifungia, tafuta baba mwingine." Na kwetu ukoo usipopokea mbuzi, msichana anaonekana amejipeleka tu. Nikipiga kura ya kufunga namharibia binti yangu, nikikataa muungano unavunjika na vijana wanaendelea kunywa. Naogopa, Shangazi. Nifanye nini?

Mama Mbithe, Mbumbuni


Mama Mbithe,

Pole sana. Kulea peke yako na kuongoza watu wasiopenda kuongozwa si mchezo. Sasa keti nikuambie ukweli.

Mlikosea, na aliyefungua huo mlango ni wewe. Mlitaka kiti cha kila mzee kijae kuliko mlivyotaka pombe iishe. Ntheo ya mtoto wa gredi ya sita! Na nyinyi kamati mlikuwa wapi, mlienda kula nyama? Nilicheka, halafu nikakasirika. Mtoto hafanyiwi mchezo wa mahari ili watu wapate kulewa. Kesho mchukue chifu mwende kwa wazazi wake.

Halafu umeniandikia maneno ya shemeji na maneno ya mwenye duka. Mbithe mwenyewe anasema nini? Sijaona neno lake hata moja. Mwite leo, ampigie mchumba wake simu, waulizwe kama wanaitaka hiyo kaluvu. Kama wakwe ni watu wa kanisa, pengine wanaumia kimya wakidhani ni nyinyi mnaoidai.

Kwa Ndululu nenda kabla ya mkutano, la sivyo atasema ulimvizia. Kaa mahali Gedion yupo na plasta yake, umuulize mzee ni nani atamimina Jumamosi. Usiongeze neno, ngoja ajibu. Akianza habari ya desturi, mkumbushe kwamba wazee wa kitambo hawakumruhusu kijana hata kuonja, hilo analijua kuliko wewe na mimi. Asali yake haitapotea. Wazee wapewe hivyo ilivyo, haijachachushwa, wailambe na wabariki nayo. Kwa kweli, kama baraka zake haziwezi kutoka bila kulewa, basi shida si ya Mbithe.

Alhamisi piga kura ya kufunga. Usithubutu kungoja Jumamosi yako ipite kwanza, maana kijiji kizima kitajua sheria ni ya maboma ya wengine, na Mohamedamin atakuwa na haki ya kuondoka. Sema kwa sauti kwamba wa kwanza kukosa kaluvu ni wewe.

Na Ndululu akikataa kabisa kusimama, simama wewe. Najua, watu watanong'ona mpaka pilau iletwe. Lakini tangu baba yake afariki, homa za Mbithe, karo yake, viatu vyake, hakuna mzee aliyekuja kukuuliza kama unatosha kuwa baba. Pokea mbuzi wa binti yako.

Shangazi Kanini