Pori Lisilo na Watu

Dada yangu Odelina,

Pokea salamu zangu zenye upendo mwingi. Nawe Padri Wido unayemsomea, amani ya Bwana iwe nawe. Msomee polepole, usiruke kitu. Natumaini, dada, mguu wako umepata nafuu tangu baridi ipungue, na kwamba shemeji na watoto wanakula na kushiba. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo iliyochacha.

Wewe ndiye uliyenilea, ukanipeleka abasia kwa watawa nikasome, kisha ukalia uliposikia nimeiacha na kumfuata Baba Emeriki kwenye kinamasi. Ulisema nimeacha mkate mweupe nikafuata vyura. Nikakujibu kwamba tumechoka kunenepa kwa zaka za maskini. Tungelima kwa mikono yetu, tusimiliki kinu cha kusagia wala kijiji wala jasho la mtu. Tulikuwa saba, na kwa kweli tuliteseka kwa furaha. Tulichimba mifereji, tukala maharagwe yasiyo na chumvi, tukaimba zaburi huku meno yakigongana.

Sasa tumejaa. Kila mara anabisha mlangoni mtoto wa bwana fulani, kaja na farasi wawili kuutafuta ufukara. Hajui shoka linashikwa upande gani, lakini anajua kutufundisha mtawa anavyopaswa kutembea. Kwaresima nzima tumebishana kama kanzu ya sufu isiyotiwa rangi ni nyeupe au kijivu, na magugu yanatucheka shambani. Nikilalamika, Ndugu Fulko, mtunza ghala wetu, hunitania: "Garnieri, wewe ulitaka utawa au ulitaka kilimo? Mti ukikua, lazima utafute pa kutandaza mizizi."

Ndivyo tulivyoanza kupokea ardhi. Kwanza msitu, kisha malisho, na kila mara Baba Emeriki akisema hiyo si mali, ni upweke tu wa kumtafutia Mungu.

Jumapili alitukusanya, akatangaza kwamba Bwana wa Montverdi, kwa ajili ya wokovu wa roho yake, ametupa bonde lote la Corvelle, pori lisilo na watu. Nilidhani masikio yamenidanganya. Nikasimama, nikasema Corvelle ina nyumba na kanisa, na mama yangu amezikwa pale. Akanijibu kwa upole, na upole huo ndio ulionichoma: "Watahamishwa baada ya mavuno, mwanangu. Sisi hatumfukuzi mtu. Bwana wa Montverdi ndiye anayewaondoa. Sisi tunapokea pori." Nikamwambia kule abasia tulikotoka tulikula jasho la maskini, lakini angalau tuliwaachia paa. Hakuna aliyeniunga mkono. Fulko akanivuta kanzu: "Kaa chini. Mtawa hana kwao."

Ndiyo habari yenyewe, dada yangu. Ni ninyi. Nyumba zitabomolewa, mawe yake yajenge ghala letu. Nami nimeamriwa kuja na msimamizi wa Bwana kumwonyesha mipaka, kwa kuwa kitovu changu kimezikwa huko.

Nitakuja, lakini si kwa kazi hiyo. Leo asubuhi nimemrudishia Baba Emeriki kanzu yake. Aliniuliza kama najua kwamba navunja nadhiri. Nikasema najua, ila nilimwekea nadhiri mtu aliyekataa kumiliki kijiji. Alilia, wala hakubadili neno. Nami nililia. Bado nampenda, na hilo linaniudhi kuliko yote.

Barua hii inatangulia na mchuuzi wa sufu. Mimi nafuata kwa miguu. Waambie majirani wasipokee ahadi ya mtu, wasihamishe hata kuku. Baada ya Pentekoste Askofu anasikiliza mashauri, na anayasikiliza kwa Kilatini tu. Hicho ninacho; watawa wenyewe walinifundisha. Huenda tukashindwa. Lakini atakayesema Corvelle haina watu, atasema hivyo huku anatutazama.

Nisalimie shemeji Pons, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Padri Wido, ukimaliza kumsomea, gonga kengele uwasomee na wengine.

Ni mimi mdogo wako,
Garnieri wa Corvelle