Kisima cha Koko Hakina Alama

Bunia, quartier Lumumba, 8 janvier 2024

Mujukuu wangu Donatien,

Habari ya Kisangani? Mwili unaendelea? Siye tuko, Mungu anasaidia. Ni koko yako Véronique tu, muke wangu, tumbo inamusumbua, lakini ile ni uzee.

Nimeona karatasi uliyotuma kwa comité ya maji, ya magonjwa ya tumbo. Nimeisoma miye mwenyewe, hakuna mutu alinisomea! Kisima ya jirani Clarisse: moins mbili, ni kusema kutoa mbili. Ya Willy: moins tatu. Bameshindwa, aibu! Yangu haimo kabisa. Unaona? Mwalimu hafanye examen pamoja na wanafunzi. Ile kisima niliichimba miye peke yangu, mawe na yote, bila fundi.

Nimebandika karatasi ku mulango. Sasa avenue muzima, barabara yetu yote, inateka kwangu, hata batoto ya Willy.

Kitu moja tu: ndege hazitue tena karibu na kisima. Labda zinaniogopa.

Koko yako, Antoine

Kisangani, 22 janvier 2024

Koko mupenzi,

Nakusalimia kwa heshima. Koko mwanamuke amepona?

Unisamehe, umesoma vibaya. Zile si points za masomo. Mashine yangu ya hesabu inachukua jina la kwanza kwa alfabeti, njo yako Antoine, inalifanya kuwa kipimo, halafu inaliondoa ku karatasi. Wengine wote wanapimwa kutoka pale. Moins tatu ya Willy ni kusema: hesabu ya kuugua kwa wanaokunywa kwake iko chini kwa tatu kila mwezi kuliko ya wanaokunywa kwako. Rafiki yangu Michée ana mashine ingine, inaondoa jina la mwisho. Kwake ni Willy ndiye hayuko, na weye uko: plus tatu, kuzidi tatu. Mashine mbili, habari moja. Maji yako ni mabaya, Koko.

Funga kisima leo. Koko mwanamuke asikunywe tena.

Mujukuu wako, Donatien

Bunia, 19 février 2024

Donatien,

Afya yako? Yangu ni ya chuma.

Koko yako Véronique tulimuzika juzi. Sisemi ni maji. Miye nakunywa kila siku, na unaona ninaandika.

Lakini sikiliza. Kila asubuhi nasikia ndoo yake inashuka. Kamba inavutwa polepole, vile yeye alikuwa anavuta. Nikifika, hakuna mutu, lakini mawe imelowana, na nyayo zake zinarudi mpaka ku jiko. Hayuko, na yuko. Sawa na ile karatasi yako.

Unaniambia nifunge. Nikifunga, atateka wapi?

Koko yako, Antoine

Bunia, 25 mars 2024

Mujukuu wangu,

Nakusalimia sana. Siumwi tena hata kidogo.

Comité ilipita kuhesabu batu mu nyumba. Nilikaa ku kiti yangu ku mulango. Nikasema: « Miye hapa! Antoine, mwenye kisima! » Élise, binti ya Clarisse, alinipita karibu kunikanyaga. Akamwambia mwenzake: « Hapa andika zéro. Muzee naye alimufuata muke yake. » Halafu bakamwaga saruji juu ya kisima. Nilibatukana vile unanijua. Hakuna mwenye aligeuka.

Siye bado tunateka. Ndoo inapita tu mu saruji.

Donatien, nilijisifu vibaya. Kukosa mu karatasi si heshima, ni baridi. Mwambie Michée awashe ile mashine yake, ile yenye kunitaja. Plus tatu, plus kumi, sitabisha. Mutu asome jina yangu kwa sauti, mara moja tu.

Véronique anakusalimia. Anauliza kama yeye pia anaweza kuandikwa.

Koko yako, Antoine