Bega Alilobanika Wifi Corinne

Churchland,
North Carolina.
29 Septemba 1986.

Mpendwa mdogo wangu Ilene,

Pokea salamu za huku kwenu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani huko Alaska? Shemeji Arvid na watoto ni wazima? Natumaini theluji bado haijawafungia mlango. Huku kwetu bado tunafungua madirisha, na matango ya mwisho yamekataa kwisha, kila nikigeuka nakuta jingine limejificha chini ya majani. Nimeyatia siki mpaka chupa zimeniishia.

Mama hajambo. Miguu inavimba jioni, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Mjomba Clete goti lake limepona vya kutosha kumfikisha kanisani, ila halimfikishi kwenye kuosha vyombo. Mimi nipo. Ungeniuliza juzi ningesema naumwa, na ugonjwa wenyewe daktari hana dawa yake. Nitakueleza, kwa kuwa usipokuwa wewe sina wa kumwambia bila habari kuwahi kufika kanisani kabla yangu.

Unamkumbuka mke wa ndugu yetu Hoyt, yule Corinne wa kutoka Ohio. Hukuja harusini, lakini picha nilikutumia: yule mrefu, mwenye meno mengi. Wifi yetu huyo hana baya lolote, na hilo ndilo linalonichosha. Anashona, anaimba sauti ya pili, anakumbuka siku za kuzaliwa za watu ambao hata mimi nimewasahau. Nyumbani kwao nguruwe wanamjua kwa soseji tu. Basi mwezi wa nane akanijia jikoni na aproni yake mpya, akaniomba nimfundishe kubanika bega la nguruwe.

Ilene, toka Baba afariki nani amebanika mabega katika ukoo huu? Nani ameamka na giza kuwasha pipa la kuni, akasubiri magogo ya mti wa hikori yawe makaa, akayachota kwa beleshi na kuyatandaza chini ya nyama, kidogo hapa, kidogo pale, mpaka machozi yanamtoka kwa moshi? Hoyt hajawahi kushika hata lile beleshi. Ni mimi. Na kila Oktoba, Jumapili ile mnayorudi kanisani nyote mlioondoka (nyote isipokuwa wewe), mabega yanayonyambuliwa kwenye meza ndefu kule uwanjani ni yangu. Watu wanakuja hata kutoka Charlotte. Sina cheo kingine, mdogo wangu. Kwaya walinitoa, shule ya Jumapili nilikabidhi. Hilo tu ndilo langu.

Kwa hiyo nilimfundisha, ila nilimfundisha kama jirani bahili anavyoazimisha sukari. Kuni za hikori nilimwambia, na mwaloni kidogo. Kwamba moto wa ndimi haufai, ni makaa matupu, nilimwambia. Mchuzi wa siki, ketchup na pilipili nilimpa, maana hata mtoto wa huku anaujua. Lakini kuna kile kipindi cha mchana, unakijua, bega linapogoma. Joto linapanda vizuri asubuhi yote, halafu linasimama palepale kama punda barabarani. Mgeni akiona hivyo anaogopa, anaongeza makaa, na nyama inaungua nje huku ndani imekaza. Ukiliacha litajiendea lenyewe. Hilo sikumwambia. Nilijisemea moyoni kwamba hajaniuliza.

Akabanika Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, kwa Mama, kwa sababu tanuri la matofali alilojenga Baba lipo kwa Mama. Mimi nilikaa nyumbani kwangu nikipiga pasi vitu visivyohitaji pasi. Ilipofika saa ambayo nilijua bega limegoma, nikakumbuka kwamba nina bakuli la Mama la kurudisha. Bakuli lenyewe lilikuwa kwangu tangu Pasaka.

Nilipozunguka nyumba, kitu cha kwanza nilichokiona ni Mama. Amekaa nje, kwenye kiti cha jikoni, kando ya tanuri, na kofia ya Baba ya kazini kichwani. Anacheka. Ilene, ni lini mara ya mwisho umemsikia Mama akicheka mpaka anashika kiuno? Corinne amechuchumaa mbele yake na kipimajoto cha nyama mkononi, uso mwekundu kama nyanya, beleshi limelala mbali. Nikamsikia Mama anamwambia, "Liache hilo, binti. Limenuna tu. Mume wangu naye alikuwa hivyohivyo, ukimchokoza anazidi."

Nikaweka bakuli kwenye ngazi nikaondoka. Sikuaga. Sijui kama waliniona.

Kesho yake tukala wote kwa Mama baada ya ibada. Sitakudanganya, nilikwenda na imani kwamba bega litakuwa kavu. Corinne alipolivuta mfupa ukachomoka mtupu, mweupe, mikononi mwake. Mjomba Clete akapiga kelele kama aliyeona mpira umeingia golini. Wakanyambua, wakatia mchuzi, wakala na kabichi nyekundu na mikate midogo ya mahindi ya kukaanga. Kila mtu akala kimya, na wewe unajua katika meza yetu kimya maana yake nini. Mimi nikasema limepikwa vizuri kwa mara ya kwanza. Nilitilia mkazo hayo maneno ya mwisho. Hoyt akaniangalia.

Halafu ukafika wakati wa ukoko. Desturi yetu hujaisahau, natumaini: aliyebanika ndiye anayebandua ule ukoko wa nje, mweusi, wenye moshi wote na mafuta yote, na kipande cha kwanza humpa mtu anayemheshimu kuliko wote mezani. Corinne alimpa Mama. Ni sawa, hata mimi humpa Mama. Lakini Mama akaula wote palepale, akalamba vidole, akasema mbele ya watu, "Mwaka huu kanisani abanike Corinne. Maxine naye apumzike."

Apumzike! Nani alisema amechoka?

Nilisimama nikaosha vyombo. Niliosha hadi vilivyokuwa safi. Corinne alikuja kunisaidia nikamwambia asijisumbue, yeye mgeni. Ana miaka minne ndani ya ukoo huu, na nilimwita mgeni. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mwenyeji niliumwa palepale kwenye karai. Na walipotoka wote barazani kunywa chai ya baridi, nilifungua friji, nikachukua mabaki kwa kidole, nikala nimesimama. Ilikuwa tamu. Ingekuwa mbaya ningelala usingizi siku ile.

Usinicheke. Wewe uko mbali, na aliye mbali haunguzi nyama. Picha yako iko juu ya redio ya Mama, anaifuta vumbi kila asubuhi. Hata hiyo nimewahi kuionea kijicho, sasa nimekuambia.

Wiki mbili sikwenda kwa Mama ila kumpelekea dawa. Ya tatu nikashindwa. Nikaingia, nikamuuliza bila kuzunguka: Corinne ana nini ambacho mimi sina? Nilikuwa nimejiandaa kusikia habari za mchuzi, au za mkono mwepesi. Mama alikuwa anamenya maharage. Hakuyaacha.

Akasema, "Wewe unabanika vizuri kuliko hata baba yako. Lakini ukibanika wewe, mimi naangalia moshi dirishani."

Nikamwambia ni kwa sababu ya kifua chake. Mimi ndiye niliyekesha naye hospitali ule mwaka wa nimonia, nisingemwacha akae kwenye moshi.

Akasema, "Najua. Umenitunza vizuri sana, mpaka nikawa sina kazi." Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua, labda wewe mdogo wa nyumba ulilijua. Jumamosi zile za zamani, Baba alipokuwa bado kwenye kiwanda cha samani na anafanya zamu ya asubuhi, sisi tulimwona akirudi mchana, anavaa glovu, anasimama kwenye tanuri kama jemadari. Aliyekuwa amekaa na ule moto toka alfajiri ni Mama. Baba alikuja kunyambua tu na kupokea sifa. Naye Mama hakujali, maana jioni Baba alileta kiti cha pili wakakaa pamoja mpaka makaa yazime. "Corinne alikuja akaniuliza," akasema. "Hakujua lolote, akaniletea kiti, akaniuliza. Wewe hujawahi kuniuliza kitu, Maxine. Ulikuwa unajua."

Kuuliza si ujinga, nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili methali hiyo miaka mingapi?

Nikamwomba basi anirudishie Oktoba. Nilimwomba, Ilene, mwanamke mzima mwenye wajukuu. Akasema hapana, ameshampa Corinne, na neno lake kanisani si kiroboto kurukaruka. Sasa kama unangoja kusikia kwamba nilishinda, sikushinda. Jumapili ya pili ya mwezi ujao mabega ni ya wifi yako, na mimi nitaleta kabichi kama wale wageni wetu Wamethodisti.

Lakini juzi Jumamosi nilinunua bega dogo, nikaenda nalo kwa Mama bila sikukuu yoyote. Niliwasha pipa, nikatoa kiti cha jikoni, nikakiweka upande ambao moshi haufiki. Mama akakitazama. Akaniambia nikisogeze karibu na moto. Nikamfunga shali kifuani, hilo sikuliachia, tukakaa. Alinieleza jinsi Baba alivyounguza bega la kwanza walipokuwa wachumba, akalifukia bustanini, na mbwa wa babu akalifukua akalileta hadi mlangoni mbele ya wakwe. Mimi nimemzika Baba nikiamini hajawahi kuunguza kitu. Nilicheka hadi nikasahau makaa, na Mama ndiye aliyeniambia niongeze upande wa mfupa.

Lilipoiva nikabandua ukoko nikampa wote. Akala nusu. Nusu akaifunga kwenye leso ya karatasi akanipa. "Mpelekee Corinne," akasema. "Toka aolewe kwetu hajala ukoko wako. Kila mwaka unaisha kabla haujamfikia."

Ni kweli unaisha, na mimi ndiye ninayegawa.

Nikauweka kwenye kiti cha gari. Harufu ikajaa. Nilipofika kwenye daraja la mto nikasimama pembeni, nikafungua leso, nikamega kidogo. Kidogo tu. Halafu nikamega tena, ili pande zote zilingane. Ningemega mara ya tatu nisingekuwa na cha kupeleka, kwa hiyo nikaendesha haraka.

Corinne alifungua mlango akiwa na unga mikononi. Nikampa, nikasema Mama amekutumia. Akaula pale pale mlangoni, amefumba macho. Nilingoja aseme ni tamu, nikawa nimeshajiandaa kujibu kwa baridi. Hakusema. Alifungua macho, akavuta kiti cha pale mezani, akakipangusa unga kwa aproni, akaniambia, "Dada Maxine, kaa. Niambie umefanyaje, maana langu halikuwa hivi."

Nilikaa, Ilene. Sikuwa nimepanga. Nilikaa hadi kahawa ikaisha akachemsha nyingine, na nikamweleza yote, hata lile la mchana, ambalo alikuwa ameshalijua. Nikamwambia nililificha makusudi. Akasema alihisi hivyo. Akanimiminia kahawa.

Wivu haujaniisha, usije ukamwambia mtu kwamba umeniisha. Meno yake bado ni mengi. Ila ameniomba siku ya mabega ya kanisa nije alfajiri, na nimemwambia nitakuja, kwa sharti moja: viti viwe vitatu. Na wewe ungekuja mwaka huu, vingekuwa vinne. Picha yako juu ya redio haiwezi kukaa kwenye kiti.

Msalimie sana Arvid, na watoto wako Signe na Torvald, waambie shangazi, mama mkubwa, sijui huko wananiitaje, anawabusu. Mjomba Clete anakusalimu na goti lake. Hoyt anakusalimu. Mama anasema ule vizuri na uvae soksi mbili. Corinne naye anakusalimu. Ameniambia niandike hivyo, nami nimeandika.

Mungu awalinde na baridi, na moto wa nyumba yenu usizimike, na pawepo na mtu wa kukaa kando yake.

Ndimi dada yako akupendaye, hata akikuonea kijicho,

Maxine