Uzito wa Maji

Jumatatu, 6 Januari

Nimejipima tena kabla Seif hajafungua duka. Mizani ile ile ya chini, ya magunia ya karanga. Kilo themanini na nne na nusu. Nilimwamuru ageukie ukuta asione. Akageuka kama mtoto aliyeadhibiwa, kisha akasema, "Hiyo karanga daraja la kwanza, siiuzi." Mume wangu! Mume wangu, mume wangu. Tangu Oktoba naliandika neno hili na bado sijalizoea.

Hajui kwa nini napima. Anadhani ni mambo ya mitindo. Ukweli ni kwamba nesi wa kliniki alinipima presha, ikawa juu. Akasema nipunguze kilo chache, taratibu, kabla ya kubeba mimba. Hiyo "taratibu" imenipita. Nilisikia "presha" tu. Mama alikufa kwa presha ya mimba. Alivimba uso, mikono, miguu. Nilikuwa na miaka minane. Mdogo wangu, aliyekuwa bado tumboni, alikwenda naye.

Nataka mtoto wa Seif kuliko kitu chochote. Sitaki kumwachia mtoto na picha ukutani.

Alhamisi, 9 Januari

Kilo moja na nusu imeondoka! Nimeacha ugali, nimeacha sukari, nimeacha chakula cha jioni. Najiona naelea.

Bibi Zuhura, bibi yake Seif, tunakaa naye hapa mtaani Cheyo. Kwa utani wa bibi na mjukuu, Seif ni mumewe na mimi ni mke mwenzake. Leo ameitazama sahani yangu kwa muda mrefu.

"Mke mwenzangu, unakula kama kuku mgonjwa."

"Nimeshiba, Bibi."

"Umeshiba nini? Maneno ya mume wetu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka sana. Bibi harusi akikonda, mtaa mzima unamhukumu mume. Hamlishi, au anampiga. Najua. Maskini Seif wangu, na mikono yake ile laini.

Jumamosi, 11 Januari

Mvua kutwa. Mgeni wa Seif ameshuka na treni ya Kigoma akiwa na migebuka ya chumvi. Sikuweza kujizuia. Nimekula samaki wawili, mchuzi nimeulamba.

Baada ya kula Bibi akasimulia. Barabara iliyo mbele ya nyumba yetu ilikuwa njia ya misafara ya kwenda Ujiji. Babu wa babu yake alibeba pembe za ndovu humo. Kila mpagazi alipewa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Chakula kilipopungua walipunguziwa kibaba, mzigo ukabaki ule ule. Wengine waliketi kando ya njia wapumzike. Hawakusimama tena. Bibi anasema mvua ikikatika huwasikia wakipita, wakidai kibaba chao.

"Bibi, hao ni vijana wa bodaboda," Seif alisema.

Wote wakacheka. Mvua ikakatika. Mimi nikasikiliza.

Jumatatu, 13 Januari

Imepanda. Karibu kilo mbili! Nimezidi hata nilipoanzia. Nilishuka kwenye mizani, nikapanda tena, na tena. Ile ile.

Pete haitoki. Kandambili zimeacha alama. Nimebonyeza mguu kwa kidole gumba, pakabaki kishimo. Mama mdogo alikuwa akimbonyeza mama hivi hivi, nami nikisimama mlangoni nikingoja kishimo kijae.

Ni mama. Ananiingia mwilini kidogo kidogo.

Sikumwambia Seif. Nimelia chooni, bomba nimelifungulia.

Jumatano, 15 Januari

Chai ya rangi bila sukari. Tango. Basi.

Mchana nilijilaza. Mvua ilikatika, nikasikia miguu barabarani. Mingi, mizito, ya polepole. Nikachungulia dirishani. Hakuna mtu. Matope, na mbuzi wa jirani.

Niliporudi kitandani mama alikuwa ameketi miguuni. Uso umejaa, macho yamezama. Alinyoosha mkono kama mtu anayeomba. Sijui anaomba nini. Nilifumba macho mpaka Seif aliporudi.

Nampenda mno. Naogopa mno.

Ijumaa, 17 Januari

Mizani haijasogea. Nimekula nusu ya nusu, haijasogea!

Jana Seif alinimegea tonge, akaniletea mdomoni kama siku ya harusi. Nikausukuma mkono wake. Tonge likaanguka mkekani. "Nimekukosea nini, Mwajuma?" Alilala amenipa mgongo. Hajawahi.

Mimi nimefanya hivyo. Mimi ninayempenda hivi.

Jumapili, 19 Januari

Nilianguka. Ijumaa mchana nilirudi dukani kupima tena. Nakumbuka harufu ya magunia, kisha sauti ya Seif ikiita jina langu kama inatoka kisimani.

Kliniki, nesi aliuliza nimekula nini wiki nzima. Nikamwambia. Akaweka kalamu chini.

"Dada, hata ukilala kutwa bila kuinua kidole, moyo unakula. Mapafu yanakula. Ubongo unakula. Wote hao umewanyima. Nilikwambia upunguze kidogo kwenye sahani, si uondoe sahani."

Aliponiuliza kama maneno yake yamenikasirisha, nikasema hapana, nina njaa. Akacheka, mimi nikalia.

Akanieleza. Chumvi hushika maji mwilini. Hedhi ikikaribia, maji huzidi. Mafuta ya kilo mbili hayajengeki kwa siku mbili, hata ningekula migebuka yote ya Kigoma. Mkojo ukapimwa. Hakuna mimba, hakuna kibaya. Hedhi imekuja jana, na leo pete inazunguka kidoleni.

Nikauliza kuhusu mama. Seif alikuwa pale pale, akasikia yote kwa mara ya kwanza. Nesi akasema nikibeba mimba niwahi kliniki, nipimwe presha kila ninapokwenda, nisingoje kuvimba. "Tutakuja wawili," Seif akasema. Hayo tu.

Tulipofika dukani alipandisha gunia la karanga kwenye mizani. Ubavuni lina uzito wake wa kiangazi, aliouandika kwa wino lilipoingia. Sasa ni zito zaidi.

"Nani ameongeza karanga humu?"

"Hakuna."

"Ni unyevu, mke wangu. Kila msimu wa mvua magunia yananidanganya. Si ungeniuliza?"

Kisha akalia, ameegemea gunia. Sijawahi kumwona akilia. Nilimshika kichwa nikalia pamoja naye, na hata hapo, Mungu anisamehe, nilikuwa na furaha kwamba huyu ni wangu.

Jumamosi, 1 Februari

Nakula. Asubuhi uji wa ulezi. Mchana ugali kiasi na mlenda. Jioni kidogo, lakini jioni ipo. Chumvi naitia kwa ncha za vidole. Jua likipoa natembea na Seif, tumeshikana mikono mpaka watu wanatutazama. Watazame!

Napima mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula. Wiki iliyopita ilipanda. Niliogopa, lakini nilikula. Wiki hii imeshuka chini ya ilipokuwa kabla ya kupanda. Presha pia imeshuka kidogo.

Mama bado anakuja mchana. Bado ananyoosha mkono. Siku hizi naacha macho wazi.

Jumapili, 9 Februari

Nzega, kwa mama mdogo. Seif ndiye aliyetaka twende. Tuling'oa majani kaburini kwa mama, tukasoma Fatiha. Kaburi ni dogo. Nilikuwa nalikumbuka kubwa kama chumba.

Wakati wa chakula nikasema nataka kupungua, nisije nikanenepa kama mama. Mama mdogo akaacha kutafuna.

"Kama nani?"

"Mama."

"Dada yangu? Dada yangu alikuwa fito! Tulimtania kwamba upepo utampeleka Shinyanga bila nauli. Yale yalikuwa maji, mwanangu. Yalikuwa ugonjwa, tena mwishoni tu. Wewe ulikuwa mdogo, ndiyo maana humkumbuki mwingine."

Kweli. Simkumbuki mwingine. Nilijaribu pale pale, sahani mkononi. Mwanamke mwembamba anacheka upeponi. Hakuja. Seif akaniwekea kipande cha kuku, nikakila.

Tumerudi Cheyo jua likiwa bado juu. Nimejilaza. Nimemsubiri mama. Sikujua nimsubiri yupi.

Miguuni pa kitanda hapakuwa na mtu. Shuka tu, limenyooka. Nje barabara imekauka.

Seif ameita kutoka uani, viazi vimeiva. Nimekwenda.