Glavu za Nyapara Salumu

Alhamisi, mwezi wa Rajabu. Kusi limevuma tangu asubuhi, na vumbi la njia ya Mingoyo bado nalitafuna. Nimeswali Magharibi na hasira kifuani, Mungu anisamehe, na nimemaliza kuswali haijashuka.

Leo shemeji yangu Athumani amepoteza vidole viwili.

Niandike taratibu. Tangu watu wa bara waanze kuukata waya wa simu, kundi letu halipumziki. Wao wanakata, sisi tunaunga, Mdachi apate kusemezana na wenzake wa Kilwa. Mimi nimeuvuta waya huu tangu nguzo za kwanza zilipofukiwa, na tulifundishwa jambo moja tu: waya uliokazwa hauna urafiki. Unafungwa katikati ya gongo, gongo linashikwa huku na huku, na ukitaka kwenda mnauachia uende zake. Mikononi, glavu za ngozi. Hata kuku angeelewa.

Glavu tunazo. Mdachi alimpa nyapara wetu, Salumu, jozi mbili za watu wanaovuta mbele. Moja ameifungia sandukuni, anangojea aivae sikukuu ya Idi. Nyingine anaivaa mwenyewe, yeye ambaye hajawahi kuugusa waya hata kwa bahati mbaya. Anaivaa kwenye jua la saa sita. Anakunia sikio nayo, na leo nimemwona akimenyea muwa. Adhuhuri tulipotawadha alikaa kando akitutazama, maana kuzivua ni kazi, na kusujudu ni kazi zaidi.

Mtu kama huyo ndiye aliyekabidhiwa roho zetu.

Athumani ni mvuvi wa Kilwa Kisiwani. Alihamia kwetu baada ya kumwoa dada yangu Mwanaidi, na kazi ya waya bado ni mgeni nayo. Leo gongo letu lilipasuka. Nikaomba ruhusa niingie kichakani nikakate jingine. Salumu akasema eti mimi nataka tu kwenda kulala huko.

"Vuteni hivyo hivyo! Wanaume nyie, au niwaletee kanga?"

Athumani akacheka, akauviringisha waya kiganjani, kama wanavyoushika mshipi kwao samaki mkubwa akinasa. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake: mshipi ukiteleza, umelala na njaa.

"Shemeji, fungua mkono," nikamwambia. "Huo si mshipi."

"Shemeji, mimi nimevuta papa. Huu hata meno hauna!"

Watu wakaangua kicheko. Salumu akampigia makofi yake ya ngozi, pu, pu, pu. "Mwanamume huyo! Mtazameni, nyie mabibi harusi."

Samaki huchoka. Waya hauchoki.

Nguzo ya mbele ilikuwa imeliwa na mchwa shinani. Tulipovuta ikalegea, ikaangukia upande wa pili, ikauchukua waya wote na uzito wake. Sisi wengine tuliachia. Athumani hakuwa na namna ya kuachia. Aliutazama mkono kama si wake.

Na Salumu, yule wa makofi, unajua alisema nini? "Aliushika vibaya."

Huko bara watu wanapewa maji wanyunyiziwe, wanaambiwa risasi za Mdachi zitayeyuka. Sisi wa pwani tunawacheka, tunasema hawakusoma hata juzuu moja. Hapa kwetu tumeambiwa uanaume utageuza waya kuwa kamba, na tumevuta. Sioni tumewazidi nini. Wao angalau mganga wao yuko nao msituni. Wetu alikuwa kivulini na muwa.

Tumemwosha Athumani kwa maji ya chumvi, tumemfunga kitambaa. Mkono wa kulia, mkono wa mshipi, na mkono anaolia chakula. Mwanaidi alikuwa ameketi karibu naye tangu tumfikishe nyumbani. Kabla ya Magharibi Salumu akapiga hodi, amekuja kumjulia hali mgonjwa. Amekuja na glavu mikononi.

"Pole, ndugu yangu. Kazi ya Mungu."

Kazi ya Mungu! Mungu ndiye aliyeificha ile jozi ya Idi?

Mwanaidi akamtengea kahawa. "Karibu, kaka Salumu. Lakini humu ndani hatupokei kikombe kwa ngozi ya mnyama. Vua."

Akazivua, akaziweka mkekani. Dada yangu akamimina kahawa, akampa, kisha akakusanya kanga yake akaketi. Juu ya glavu.

Salumu akakohoa. "Hizo mali ya Serikali, dada."

"Najua. Mwambie Mdachi aje mwenyewe aniinue."

Tukatazama chini sisi wengine, tukiuma midomo. Hata Athumani, na maumivu yake, bega lilimcheza. Salumu akanywa kahawa yake kwa mikono mitupu, laini kama ya bwana harusi, akaaga. Mlangoni akanigeukia: "Wewe tutaonana kazini."

Tutaonana. Kesho nguzo ile inangoja kusimamishwa na waya unangoja kuvutwa. Gongo nitalikata njiani nikienda, sitaomba ruhusa ya mtu. Akisema nimeiba mali ya Serikali, najua malipo yake: viboko hamsa ishirini, mbele za watu. Mgongo wangu si wa kijana tena, na ninaogopa, sitajidai. Lakini akishtaki, itabidi amweleze Mdachi jozi ya pili iko wapi. Na asipoeleza yeye, nitaeleza mimi, nikiwa nimelala pale pale chini ya kiboko.

Sasa hivi Athumani ameniita kutoka chumbani.

"Shemeji. Kesho nani anavuta mbele?"

Nikamwambia mimi.

"Basi usiwe mwanamume sana."

Glavu ziko hapa kando ya kidau cha wino, zinanuka muwa na jasho la mtu mvivu. Nimezijaribu.

Zinanitosha.